Kuitambua na Kuigeuza Mitambo ya Redio ya Vita: Somo kwa Maabara ya Fizikia

Utangulizi

Manyovu ni mji mdogo wa mpakani katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Zamani ulihesabiwa katika Wilaya ya Kasulu. Tangu mwaka 2012 umo katika Wilaya ya Buhigwe. Ng'ambo ya mpaka ni Burundi. Vilima vyake vya kahawa, migomba na maharage vimeinuka juu sana kuliko ufuo wa Ziwa Tanganyika, ambao uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ardhi ya namna hii humfaa mkulima, lakini huyatatiza mawimbi ya redio yanayosafiri moja kwa moja kama mwanga, kwani kilima kimoja chatosha kukitenga kijiji na kijiji. Mawimbi mafupi yana tabia nyingine. Yakielekezwa juu hufika katika tabaka la hewa lenye chembe za umeme, liitwalo ionosifia, yakarudishwa chini ng'ambo ya kilima. Ndiyo sababu kwa miaka mingi misheni, polisi na hospitali za nyanda hizo zilitegemea simu ya upepo.

Kwa mwanafunzi wa Manyovu, Kasulu au Kibondo, basi, sura ya mawimbi katika kitabu cha fizikia si habari ya mbali. Tuseme shule imepewa mtambo mzito wa redio, wa rangi ya kijani ya jeshi au nyeusi, wenye vibao vya herufi na nambari zisizoeleweka, uliotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939-1945). Je, mtambo huo ni chuma chakavu, au ni maabara? Makala haya yanakusudia kuonyesha namna ya kuutambua, kuutia umeme bila hatari, na kuugeuza utumike katika redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya watu binafsi wanaojifunza ufundi wa redio bila kutafuta faida na kwa leseni ya serikali.

Neno kuu la somo hili ni moja: kutambua hutangulia kugeuza. Mitambo mingi ya aina hii imeharibika kwa sababu fundi alitangulia kushika koleo kabla ya kusoma kibao. Na mitambo yenyewe ina umeme unaoweza kuua.

Mali ya vita baada ya vita

Vita vilipokwisha, maghala ya Uingereza na Marekani yalijaa vifaa visivyohitajiwa tena. Magharibi ya Tanganyika iliona sehemu ya historia hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kilimo cha karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa haba. Mashine zilinunuliwa kutoka maghala ya vita, na vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa. Sababu zake zilikuwa nyingi, zikiwamo uhaba wa mvua na kuharibika kwa mashine, lakini mojawapo ni dhahiri: kazi ilianza kabla ya udongo kupimwa vya kutosha na kabla ya kujulikana kama mashine hizo zingeumudu.

Mfano wa pili una mwisho mwingine. Mwezi Desemba 1945 Bernard Lovell wa Chuo Kikuu cha Manchester alipeleka mahali paitwapo Jodrell Bank mitambo ya rada iliyokuwa ya jeshi. Aliihamisha kutoka mjini kwa sababu tramu za umeme zilileta kelele nyingi katika vipokezi. Alikuwa akitafuta mwangwi wa miali ya kosmiki. Mwangwi alioupata ulitoka kwa vimondo. Kutokana na mwanzo huo kilikua kituo mashuhuri cha elimu ya nyota kwa njia ya redio. Lovell alikuwa ameshughulika na rada wakati wote wa vita. Alijua mtambo wake unaweza nini na hauwezi nini.

Katika miaka hiyohiyo wapenzi wa redio ya ridhaa huko Uingereza, waliorudishiwa leseni zao mwaka 1946, walinunua mitambo ya jeshi kwa bei nafuu katika maduka kama yale ya mtaa wa Lisle, London. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na watu wa ridhaa: stesheni zao zilitambulikana kwa herufi VQ3 kwa Tanganyika, VQ1 kwa Zanzibar, VQ4 kwa Kenya na VQ5 kwa Uganda. Leo Tanzania hutumia 5H na Burundi 9U. Aidha, askari wa Afrika Mashariki waliopigana Uhabeshi, Bukini na Burma walikuwa chini ya amri ya Uingereza na walitumia zana za maghala ya Kiingereza. Kwa hiyo fundi wa nchi hizi aanze kwa kujifunza alama za Kiingereza, kisha zile za Kimarekani.

Sehemu ya kwanza: kusoma kibao

Kazi ya kwanza haihitaji bisibisi. Yahitaji kitambaa kikavu, taa, daftari na penseli. Nakili kila herufi na kila nambari iliyo juu ya mtambo, pamoja na nukta na mistari yake.

Alama ya mshale mpana wenye vidole vitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mshale huohuo ukiwa ndani ya herufi C ni wa Kanada. Maneno "W.S. No. 19 Mk. III" husomwa hivi: mtambo wa redio wa jeshi la nchi kavu, aina ya 19, toleo la tatu. Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na utaratibu wake: R ni kipokezi, T ni transmita, na TR ni vyote viwili pamoja. Kwa mfano, ndege za Lancaster zilichukua kipokezi R1155 na transmita T1154.

Marekani ilitumia kwanza herufi SCR kwa mtambo mzima, BC kwa kifaa kimoja kilicho ndani ya mtambo huo, na DM kwa dainamota, mashine ndogo inayopandisha umeme wa betri. Kwa hiyo kipokezi BC-455 ni kiungo tu cha mtambo SCR-274-N wa ndege. Anayekiona peke yake asishangae kukikosea swichi na spika. Kuanzia mwaka 1943 uliingia utaratibu wa pamoja wa majeshi, unaoanza na AN/ na kufuatwa na herufi tatu. Herufi ya kwanza hutaja mahali pa kutumia (A ndege, V gari, P kubebwa na mtu, G ardhini); ya pili hutaja aina ya kifaa (R ni redio); ya tatu hutaja kazi (C kupokea na kupeleka, R kupokea tu, T kupeleka tu). AN/ARC-5, basi, ni mtambo wa redio wa ndege wa kupokea na kupeleka.

Mtego mmoja unafaa kutajwa. Mitambo mingi ya No. 19 ina maandishi ya Kiingereza na Kirusi pamoja. Mtazamaji huweza kudhani ni kazi ya Kirusi, kumbe ilitengenezwa Kanada na Marekani ili ipelekwe Urusi kama msaada wa vita. Lugha ya kibao si ushahidi wa kiwanda.

Masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, huandikwa Mc/s katika vibao vya wakati ule. Hiyo ni megasaikeli kwa sekunde, sawasawa na megahezi ya leo. Kapasita zenye maandishi µµF au mmfd ni za pikofaradi. Katika vifaa vya jeshi la majini la Uingereza huonekana pia kipimo cha ajabu kiitwacho "jar". Jar 900 ni sawa na maikrofaradi moja.

Jedwali lifuatalo laonyesha mitambo michache inayojulikana sana na masafa yake.

W.S. No. 18, wa kubeba mgongoni: megahezi 6 hadi 9.
W.S. No. 19, wa gari na kifaru: sehemu A, megahezi 2 hadi 8, sehemu B, megahezi 229 hadi 241.
W.S. No. 22, wa gari: megahezi 2 hadi 8.
W.S. No. 38, wa kubeba: megahezi 7.4 hadi 9.2.
R1155, kipokezi cha ndege: kilohezi 75 hadi megahezi 18.5, kwa ngazi tano zenye mapengo.
BC-454, kipokezi cha ndege: megahezi 3 hadi 6.
BC-455, kipokezi cha ndege: megahezi 6 hadi 9.1.

Mwanafunzi alinganishe jedwali hili na masafa ya ridhaa ya kanda ya Afrika na Ulaya: megahezi 3.5 hadi 3.8, na 7.0 hadi 7.2. Ataona mara moja kwamba No. 18, No. 19, No. 22, BC-454 na BC-455 hazihitaji kubadilishiwa koili hata moja, kwa sababu tayari zinafika katika masafa hayo. No. 38 haifiki. Sehemu B ya No. 19 haina masafa ya ridhaa kabisa. Iachwe ilivyo, izimwe tu. Somo la dakika kumi juu ya karatasi limeokoa kazi ya wiki nzima.

Sehemu ya pili: valvu

Mitambo hii haina transista, kwani transista ilivumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1947. Kazi yote hufanywa na valvu: chupa isiyo na hewa, ambamo hita huchemsha kathodi, nayo kathodi hutoa elektroni zinazovutwa na bamba lenye volti nyingi.

Kila jeshi liliibandika valvu nambari yake. Valvu ya Ulaya EF50 iliitwa VR91 na jeshi la anga la Uingereza. Valvu ya Marekani 6K7 iliitwa VT-86 na jeshi la Marekani, na 807, ambayo ndiyo valvu ya mwisho ya kurushia katika No. 19, iliitwa VT-100. Hatari iko hapa: herufi VT zilitumiwa na majeshi mawili kwa maana mbili. VT52 ya Kiingereza ni EL32, pentodi ya hita ya volti 6.3. VT-52 ya Kimarekani ni triodi ya jamii ya 45. Hazifanani kwa soketi, wala kwa kazi. Kwa hiyo nambari isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na alama ya nchi.

Kabla ya kuchomoa valvu yoyote, mchoro wa mahali pake uandikwe daftarini. Kisha hita ipimwe kwa mita ya ukinzani. Ikionyesha ohmu chache, hita ni nzima. Ikionyesha ukinzani usio na mwisho, hita imekatika.

Sehemu ya tatu: umeme wa mtambo

Mitambo ya magari na ndege ilijengwa kwa betri. No. 19 hutumia betri ya volti 12. Dainamota zake hutoa karibu volti 275 kwa kipokezi na karibu volti 500 kwa transmita. Jambo hili lina manufaa kwa shule za nyanda za juu. Shule yenye betri ya gari inayochajiwa kwa jua inao umeme uleule ambao mtambo ulijengewa. Haihitaji waya wa gridi.

Mitambo ya ndege za Kimarekani ilijengwa kwa volti 28. Hapa pana zoezi zuri la sheria ya Ohm. Kipokezi BC-455 kina valvu sita, kila moja ikiwa na hita ya volti 12.6 na mkondo wa ampea 0.15. Kiwandani hita ziliungwa mbilimbili kwa mfululizo, na jozi tatu zikawekwa sambamba. Basi kila jozi yataka volti 12.6 + 12.6 = 25.2, na mkondo wote ni 3 × 0.15 = ampea 0.45. Fundi akitaka kutumia betri ya volti 12, aziunge hita zote sita sambamba. Volti zitakuwa 12.6, na mkondo 6 × 0.15 = ampea 0.9. Nguvu haibadiliki: 25.2 × 0.45 ni wati 11.34, na 12.6 × 0.9 ni wati 11.34 vilevile. Mwalimu awaulize wanafunzi kwa nini, kabla ya kuwaeleza.

Dainamota ya BC-455 hutoa volti 250. Kwa majaribio ya darasani si lazima kuzifikia. Betri ndogo kumi za volti 9 zikiungwa kwa mfululizo hutoa volti 90, nazo zatosha kukifanya kipokezi kisikike katika visikilizio, ijapokuwa kwa sauti ndogo. Hata hivyo, volti 90 si za kuchezea.

Sehemu ya nne: hatari

Sehemu hii isomwe kwa sauti darasani kabla mfuniko haujafunguliwa.

Kapasita huweka umeme hata baada ya betri kuondolewa. Nishati yake ni nusu ya C mara V mara V. Kapasita ya maikrofaradi 8 iliyojazwa volti 500 ina nishati ya juli 1. Mshtuko wake huumiza, na huweza kumfanya mtu auguse waya mwingine ulio hatari zaidi. Dawa yake ni rezista ya kilo-ohmu 100 iliyofungwa daima kati ya ncha mbili za kapasita. Zao la R na C ni sekunde 0.8; baada ya muda huo mara tano, yaani sekunde 4, volti 500 zitakuwa zimeshuka hadi zipatazo 3.4. Rezista hiyo itakula wati 2.5 wakati mtambo unawaka, kwa hiyo itumiwe ya wati 5. Licha ya hayo, fundi apime kwa mita kila mara kabla ya kuingiza mkono, afanye kazi kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa nyuma au mfukoni, na asifanye kazi akiwa peke yake.

Hatari ya pili haionekani. Sahani za mita na vishale vingi vya wakati wa vita vilipakwa rangi ing'aayo gizani yenye radiamu-226, madini yatoayo mnururisho. Rangi hiyo huenda isiwake tena, lakini madini bado yamo, kwa kuwa nusu-maisha yake ni karibu miaka 1,600. Kioo cha mita kisifunguliwe, rangi isikwanguliwe, na mita iliyovunjika isishikwe kwa mkono mtupu. Ifungwe katika mfuko, iwekwe mbali na wanafunzi, na ushauri utafutwe kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Hatari ya tatu ni kapasita zilizozeeka. Za karatasi huvujisha mkondo. Za elektroliti hukauka. Mtambo uliolala miaka mingi ukiwashwa ghafla, kapasita huweza kupasuka na kuunguza dainamota au transfoma. Kwa hiyo umeme wa juu upitishwe kwanza katika rezista ya kilo-ohmu 100, huku mita ikisomwa kwa saa kadhaa. Volti katika kapasita zikipanda polepole na kutulia, kapasita inafaa. Zisipopanda, inavuja, nayo ibadilishwe.

Sehemu ya tano: kugeuza

Kanuni ni kubadili machache iwezekanavyo, na kila badiliko liweze kurudishwa. Usitoboe tundu jipya pale ambapo tundu la zamani latosha. Kila waya unaotolewa ufungwe kikaratasi chenye nambari. Kibao cha jina kisibanduliwe kamwe, kwa sababu mtambo usio na kibao ni kama barua isiyo na anwani. Mitambo hii haitengenezwi tena. Ukiharibika mmoja, idadi imepungua.

Tuchukue No. 38, inayoanzia megahezi 7.4. Ili ishuke hadi 7.0, sakiti ya kuchagulia masafa yataka kapasita kubwa zaidi. Masafa hupungua kwa kipeuo cha pili cha kapasita: ukitaka kujua kapasita mpya, zidisha ya zamani kwa kipeo cha pili cha 7.4 gawanya kwa 7.0. Jibu ni karibu 1.12. Tuseme kapasita yote ya sakiti ni pikofaradi 100 pale sahani inapoonyesha 7.4, basi inatosha kuongeza pikofaradi 12. Lakini fundi akumbuke kwamba kipokezi cha aina hii kina osileta yake ya ndani, nayo hutofautiana na wimbi linalopokelewa kwa kiasi kisichobadilika. Akiishusha sakiti moja peke yake, kipokezi kitakuwa kiziwi. Zote zishushwe pamoja.

Katika No. 19 hakuna haja hiyo. Kazi iliyobaki ni kusikiliza. Wakati wa vita sauti ilipelekwa kwa njia ya kubadili ukubwa wa wimbi, ambayo huchukua nafasi ya karibu kilohezi 6. Leo watu wa ridhaa hupeleka sauti kwa wimbi la upande mmoja tu, lichukualo nusu ya nafasi hiyo. Katika kipokezi cha zamani sauti hiyo husikika kama ya bata. Dawa yake tayari imo mtambono: ni osileta ya kupokelea alama za Morse. Ikiwashwa, na masafa yakisogezwa polepole sana, sauti ya bata hugeuka maneno. Kwa upande wa kupeleka, alama za Morse zafaa zaidi. Huchukua nafasi ndogo na hufika mbali kwa wati chache.

Sehemu ya sita: waya wa antena

Kasi ya mawimbi ni mita milioni 300 kwa sekunde. Kwa megahezi 7.1, urefu wa wimbi ni 300 gawanya kwa 7.1, yaani mita 42.25. Nusu yake ni mita 21.1. Waya halisi hupunguzwa kwa karibu asilimia 5, na hivyo hupatikana mita 20 na sentimeta chache. Ukatwe katikati, kila upande mita 10, na ufungwe kati ya miti miwili kwa vihami visivyopitisha umeme.

Urefu wa waya kutoka ardhini una maana yake. Ukifungwa mita 5 hadi 10 tu juu ya ardhi, nguvu nyingi huenda juu, zikarudi kama mvua juu ya eneo lote la jirani. Kwa njia hiyo Manyovu huweza kusikilizana na Kasulu na Kibondo bila kujali vilima. Ukiinuliwa juu zaidi, nguvu hulala na kwenda mbali, kwa mfano Dar es Salaam, iliyo karibu kilometa 1,100 kwa mstari ulionyoka kutoka Kigoma.

Saa nayo ina maana. Mchana tabaka la chini la ionosifia hunyonya zaidi masafa ya chini, hivyo megahezi 7 hufaa kuliko 3.5. Usiku tabaka hilo hutoweka, na 3.5 hufufuka. Msomaji azingatie kwamba Manyovu, iliyo karibu na longitudo ya nyuzi 30 mashariki, hupata jua la utosini karibu saa saba mchana kwa saa ya Tanzania, si saa sita. Daftari la majaribio lifuate jua.

Sehemu ya saba: sheria na mpaka

Sahani ya No. 19 huzunguka kutoka megahezi 2 hadi 8 bila uzio wowote. Masafa ya ridhaa ni vipande vidogo tu katika uwanja huo. Kati ya megahezi 6.525 na 6.685 kuna masafa ya ndege za abiria. Sahani iliyotengenezwa miaka ya 1940 huweza kukosea, na anayepeleka kwa kuiamini peke yake huweza kumziba sikio rubani. Kwa hiyo masafa yapimwe kwanza kwa kipokezi cha kisasa chenye kuonyesha tarakimu.

Aidha, wimbi haliishii Mugina wala forodhani. Mtambo wa kijeshi unaorusha alama kutoka mpakani bila leseni huweza kuleta shaka ya usalama, na shaka hiyo itamwangukia mwalimu na wanafunzi wake. Katika Tanzania leseni za masafa, pamoja na za redio ya ridhaa, hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mpaka leseni ipatikane, valvu ya 807 ichomolewe na kufungiwa kabatini. Mtambo utabaki kipokezi, na mambo mengi yaliyoelezwa katika makala haya yaweza kufanywa kwa kipokezi tu.

Hitimisho

Mtambo huu ulijengwa ili askari aliye ndani ya kifaru aweze kuongoza mashambulizi. Mwanafunzi akiusoma kibao chake, akahesabu hita zake, akaunyima umeme mpaka auelewe, kisha akasikia kwa mara ya kwanza mtu aliye mbali akiita kwa Morse, atakuwa amejifunza umeme, mawimbi na subira kwa pamoja. Akianza kwa koleo, atabaki na sanduku tupu.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza maana ya kila herufi katika jina AN/VRC.
2. Kapasita ya maikrofaradi 4 imejazwa volti 500. Ina nishati kiasi gani?
3. Tafuta urefu wa waya wa nusu-wimbi kwa megahezi 3.6, ukipunguza asilimia 5.
4. Sakiti ya No. 38 ina pikofaradi 100 kwa megahezi 7.4. Iongezwe kiasi gani ili ifike 7.1?
5. Betri ya ampea-saa 60 inawasha hita za BC-455 zilizoungwa sambamba, na si kitu kingine. Kwa hesabu, itadumu saa ngapi? Kwa nini mwalimu mwenye busara ataizima mapema zaidi?

Majibu

1. AN ni utaratibu wa pamoja wa majeshi, V gari, R redio, C kupokea na kupeleka. 2. Juli 0.5. 3. Mita 39.6. 4. Pikofaradi 8.6. 5. Karibu saa 67. Betri ya gari ikimalizwa kabisa huharibika.